Nakala moja kwa wote: deni letu kwa Multics

Kila unapofungua programu kwenye simu au kompyuta, kuna kazi inayofanyika kabla hujaona chochote. Programu hiyo inaunganishwa na maktaba inazozitegemea, na maktaba hizohizo zinatumiwa na programu nyingine wakati uleule. Utaratibu huo ulikomaa mapema ndani ya Multics, mfumo endeshi ulioanza kujengwa Marekani katikati ya miaka ya 1960.

Multics ilikuwa kazi ya pamoja ya chuo cha MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell. Mwaka 1965 waasisi wake, Fernando Corbató akiwa mstari wa mbele, walieleza mpango wao katika makala sita kwenye mkutano wa kompyuta mjini Las Vegas. Walitaka kompyuta kuu moja, GE-645, ihudumie watu wengi kwa pamoja, usiku na mchana, kama umeme unavyohudumia mji.

Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno. Watu ishirini wakitumia programu moja, kuweka nakala ishirini kungekuwa kufuru. Multics ikaweka nakala moja tu. Lakini nakala ya wote haiwezi kuandikwa anwani ndani yake, kwani anwani inayomfaa mtumiaji huyu huenda isimfae yule. Kwa hiyo kila mmoja alipewa eneo lake la viungo, nje ya programu yenyewe.

Tuseme programu inataka utaratibu wa kukokotoa kipeuo cha pili. Kwenye eneo la viungo, mahali pa anwani ya utaratibu huo, pamewekwa alama maalumu. Prosesa ikiikuta inasimama na kukiita kiunganishi. Kiunganishi kinasoma jina linalotakiwa, kinalitafuta saraka baada ya saraka, kisha kinaandika anwani halisi palipokuwa na alama. Amri ileile inarudiwa, na safari hii inapita moja kwa moja. Toka hapo hakuna kutafuta tena.

Ugumu wa utaratibu huu wa viungo ulitokana na lugha ya kuandikia programu. Wakati mifumo endeshi mingi ikiandikwa kwa asembla, Multics iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa PL/I. Kompaila ya awali, EPL, ilitengenezwa Bell na Doug McIlroy na Robert Morris. Baadaye ikaja ya Robert Freiburghouse na wenzake. PL/I ina vijikazi visivyokwisha: kuunga maandishi, kugeuza aina za namba, kuita utaratibu mwingine na kurudi. Amri zote hizo zikiwekwa ndani ya kila programu, programu zinavimba. Zikiachiwa kiunganishi, kila programu itasimamisha prosesa mara kadhaa kabla haijafanya la maana.

Suluhisho lilikuwa segmenti moja iliyoitwa pl1_operators_, ambamo taratibu hizo zote zilikusanywa. Anwani yake iliwekwa mapema kwenye kichwa cha staki ya kila mtumiaji. Programu inapoanza, anwani hiyo inapakiwa kwenye rejista, na kila huduma inafikiwa kwa namba ya nafasi yake katika orodha ya maingilio. Jina halitafutwi, kiunganishi hakiitwi. Sharti lilikuwa moja: nafasi ikishatolewa haihamishwi. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani kosa lililorekebishwa mahali pamoja lilizinufaisha hata programu zilizokompailiwa zamani bila kuzigusa.

Bell ilijitoa mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa kwenye mradi huo, wakabuni Unix, ambayo mwanzoni iliingiza nakala ya taratibu za maktaba ndani ya kila programu. Ilichukua miaka mingi kurudi kwenye maktaba za pamoja. SunOS ya 1988 ni mfano unaojulikana sana. Mtambo wa mwisho wa Multics, wa Wizara ya Ulinzi ya Kanada huko Halifax, ulizimwa Oktoba 30, 2000.

Wapo wanaoihesabu Multics kuwa mradi ulioshindwa. Hesabu hiyo si ya haki. Wajenzi wake walipambanua viungo vya kusubiri hadi vihitajike na viungo vya kuandaliwa mapema, na wahandisi wa leo wanapotafuta kasi bila kupoteza kumbukumbu bado wanafanya uchaguzi huohuo.