Kilwa Isiyochorwa
Julai 1505 meli za Francisco de Almeida ziliteka Kilwa. Agosti zikaichoma Mombasa. Kwenye msafara huo alikuwamo Mjerumani mmoja, Balthasar Springer, wakala wa kampuni ya Welser. Kutokana na habari za safari yake, mchoraji Hans Burgkmair wa Augsburg, ambaye hakusafiri nao, alitoa mwaka 1508 picha za kuchongwa kwenye mbao, zikapakwa wino na kuchapwa.

Ukizitazama utawaona watu wa Guinea, wa Algoa kusini kabisa mwa Afrika, wa Arabuni, na mfalme wa Kochi akibebwa. Kilwa haimo. Mombasa nayo haimo. Na si kwamba habari zilikosekana: kitabu cha Springer cha 1509 kinaisimulia miji yote miwili.

Tatizo ni kwamba picha husomwa hata na asiyejua kusoma. Aliyeziona hizo tu alionyeshwa Afrika ya watu walio uchi au waliovaa ngozi. Nyumba za mawe, misikiti, sarafu za masultani wa Kilwa, wapi!

Wengi wetu huku Dodoma, mbali na bahari, tumeijua Kilwa kwa picha za magofu. Ilipokuwa hai, mchongaji aliiruka.