Pointi 112 kwa Bila

Mwaka 1975, majira ya machipuko, shule mbili za sekondari zilikutana katika mashindano ya raga ya mkoa wa Kyoto, nchini Japani. Moja ilikuwa Hanazono, timu iliyozoea kushinda. Nyingine ilikuwa Fushimi, shule ya ufundi, ambayo watu wa Kyoto walipoitaja hawakuwa wakizungumzia michezo. Kipenga cha mwisho kilipolia, Hanazono ilikuwa na pointi 112. Fushimi haikuwa na hata moja.

Asiyeifuata raga huenda asiuone uzito wa hesabu hiyo. Enzi zile trai moja, yaani kuuvusha mpira mstari wa wapinzani na kuugusisha chini, ilikuwa na pointi 4, na teke la nyongeza linalofuata pointi 2. Kwa hiyo Hanazono ilivuka mstari wa Fushimi karibu mara 20. Kila mara wale vijana walisimama chini ya nguzo zao wenyewe, wakautazama mpira ukipigwa juu ya vichwa vyao, kisha wakatembea hadi katikati ya uwanja, kwa kuwa katika raga aliyefungwa ndiye anayeanza upya. Wakaupiga. Dakika chache baadaye wakawa tena chini ya nguzo.

Pembeni alisimama mwalimu wao, Yoshiharu Yamaguchi, mwenye umri wa miaka 32. Baadaye alisimulia bila kujificha yaliyompitia moyoni siku hiyo. Mwanzoni aliona wamestahili. Alikuwa amewaambia wafanye mazoezi, wakamkwepa. Alikuwa amewaonya, wakamdharau. Basi na wavune walichopanda. Lakini pointi zilipozidi kupanda, hasira yake ikaanza kugeuka. Akawatazama wale watoto wakirudi katikati ya uwanja kwa mara ya kumi na ngapi sijui, akajiuliza yeye amewafanyia nini tangu afike. Aliwaamuru. Aliwakaripia. Je, alikuwa amekaa nao hata siku moja akataka kujua shida zao? Jibu lilimuumiza kuliko matokeo. Mchezo ulipokwisha, mwalimu aliwaomba radhi wanafunzi wake.

Hapo ndipo nahodha alipoangua kilio. Kijana ambaye kutwa hujifanya hakuna kinachomgusa alijitupa chini akisema kwamba imemuuma, na kwamba lazima waishinde Hanazono. Wenzake wakalia naye.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu naamini historia yote ya Fushimi imo ndani yake. Lakini lazima turudi nyuma kidogo tuitazame shule yenyewe.

Fushimi ni kata iliyo kusini mwa jiji la Kyoto, inayojulikana kwa viwanda vya pombe ya mchele na kwa hekalu la Inari, lenye maelfu ya malango mekundu yaliyopangwa kupanda mlima. Katikati ya miaka ya 1970, Japani ilikuwa imefika mahali ambapo zaidi ya vijana 9 katika kila 10 waliomaliza shule ya kati waliendelea na sekondari ya juu. Ni jambo la kujivunia, ila lilikuwa na upande wake mchungu. Wote wakienda shule, swali linabaki moja tu: shule gani? Mitihani iliwapanga watoto kama magunia sokoni, la kwanza, la pili, la tatu, na shule nyingi za ufundi zikapokea waliobaki. Wengi hawakuingia Fushimi kwa kupenda mashine wala umeme. Waliingia kwa sababu kwingine kulifungwa. Wasomaji wetu wengi wanazijua shule za namna hiyo, na wanajua mtoto anavyojisikia anapovaa sare ambayo mtaa mzima umekwisha kuitolea hukumu.

Waliokuwapo wanasimulia vioo vilivyovunjwa, ngumi, sigara, hata pikipiki zilizoendeshwa ndani ya korido. Yamaguchi alifika hapo mwaka 1974 kufundisha elimu ya mwili. Alizaliwa mkoa wa Fukui mwaka 1943, akasoma chuo kikuu cha michezo, na aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Japani kama mshambuliaji wa pembeni mwa skramu, yaani kundi la wachezaji wanaosukumana kugombea mpira. Alidhani sifa hiyo ingemfungulia milango, lakini wanafunzi hawakuwa na haja nayo. Mwaka uliofuata alikabidhiwa timu ya raga, na baada ya muda mfupi tu likaja lile balaa la 112.

Kilichofuata hakikuwa muujiza, ingawa wengi wamekiita hivyo. Kilikuwa kazi ya kila siku. Yamaguchi alianza kwenda majumbani. Alizijua familia, akajua nani analelewa na baba peke yake na nani hajui atalala wapi. Alikuwa mtu wa machozi ya karibu, mpaka Japani nzima ikaja kumwita mwalimu anayelialia, na wala hakuona haya. Kulikuwa na kijana mmoja, jitu la mtu, ambaye magenge ya Kyoto yalimwogopa. Mwalimu alimng'ang'ania mpaka akamwingiza uwanjani. Kijana huyo alikuwa wa kwanza kutoka Fushimi kuteuliwa katika kikosi cha taifa cha shule za sekondari, na alipokua akawa mwalimu na kocha wa raga katika mkoa jirani wa Nara. Kama ningeambiwa nichague ushindi mmoja tu wa Fushimi, ningechagua huo.

Mwaka mmoja baada ya aibu, mwaka 1976, Fushimi na Hanazono zilikutana tena katika fainali ya mkoa ya machipuko. Fushimi ilishinda 18 kwa 12. Tofauti ya pointi 112 ilikuwa imefutwa ndani ya miezi 12 na wachezaji ambao wengi wao ndio wale wale waliofungwa.

Hadithi nyingi zingeishia hapo. Lakini ushindi huo haukuwafikisha Fushimi kwenye mashindano ya taifa. Yale huchezwa kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1929 mashariki mwa Osaka, na uwanja huo nao unaitwa Hanazono. Jina linafanana na la shule bila uhusiano wowote. Maana yake ni bustani ya maua. Kwa hiyo, kwa vijana wa Fushimi, Hanazono lilikuwa jina la adui na jina la ndoto kwa wakati mmoja. Njia ya kwenda Hanazono uwanja ilipita kwa Hanazono shule, na mwaka baada ya mwaka ilikuwa imefungwa.

Fushimi ilifika huko kwa mara ya kwanza katika mashindano ya 59, mwishoni mwa mwaka 1979, ikatolewa robo fainali. Tangu siku ya pointi 112 ilikuwa imepita miaka minne na zaidi. Kila mwaka wakubwa walihitimu, wadogo wakaingia, na mwalimu akaanza upya na watoto wengine wenye shida nyingine. Timu ya shule haina urithi wa miguu. Anayeipenda lazima akubali kuipoteza kila Machi, mwezi wa mahafali huko Japani.

Miongoni mwa walioingia katika miaka hiyo alikuwamo Seiji Hirao, aliyezaliwa Kyoto Januari 1963. Mtoto huyu alikuwa na kipaji ambacho kila kocha wa mkoa alikiona, na dalili zote zilionyesha kwamba angekwenda shule ya Hanazono. Yamaguchi akafunga safari hadi nyumbani kwao. Hirao akachagua Fushimi, shule ya ufundi yenye sifa mbaya, akavaa jezi yake nyekundu iliyokoza, na katika mwaka wake wa tatu akawa nahodha. Alicheza namba 10, nafasi ya anayeamua mpira uende wapi.

Tarehe 7 Januari 1981, Fushimi iliingia fainali ya mashindano ya 60. Wapinzani walikuwa sekondari iliyokuwa chini ya chuo kikuu cha teknolojia cha Osaka, wenyeji wa mji, waliokuwa wamekwisha kulitwaa kombe hilo miaka mitatu nyuma. Hirao aliingia akiwa na maumivu pajani. Muda wote mchezo ulikuwa wa kukabana. Wote wawili walipata pointi 3, na ubao ukakataa kubadilika. Dakika za kawaida zikaisha. Refa akawa anahesabu muda wa nyongeza, na watu wakaanza kufikiria kombe la kugawana.

Mpira ulitoka kwenye rundo la wachezaji ukamfikia Toshiaki Takasaki, namba 9. Kwa kawaida kutoka hapo huenda kwa namba 10, na walinzi wa Osaka walilijua hilo. Macho yao yalikuwa kwa Hirao. Pasi ya Takasaki ikampita Hirao. Ilikuwa ndefu, ikaenda kwa mchezaji aliye mbali zaidi kwenye mstari. Walinzi waliokuwa wamemkimbilia nahodha wakajikuta wamekaba mtu asiye na mpira, na pembeni pakabaki mwanya. Mpira ukafika kwa winga, naye akakimbia kandokando ya chaki akajitupa konani. Pointi 4. Fushimi 7, Osaka 3.

Mchezaji bora wa Japani katika umri wake hakuugusa mpira huo. Kazi yake ilikuwa kusimama pale na mguu wake mbovu ili adui amtazame yeye. Nimewahi kuwasikia watu wakiisimulia fainali ile kama hadithi ya Hirao shujaa. Mimi naiona kama hadithi ya watu 15, na nadhani hata yeye angeisimulia hivyo.

Ushindi huo ulizaa kitabu, na kitabu kikazaa tamthilia ya televisheni iliyorushwa kuanzia Oktoba 1984 na kuitikisa Japani nzima. Humo kichapo kimekuwa 109 kwa bila, na baada yake kocha anawapiga wachezaji wake mmoja mmoja huku akilia. Tukio hilo ndilo watu wanalolikumbuka zaidi. Nasikitika kwamba ndivyo ilivyo. Hizo zilikuwa enzi za fimbo na makofi, Japani kama kwetu, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba kofi ndilo lililoiamsha Fushimi. Nikiyasoma maelezo ya Yamaguchi mwenyewe, naona kingine kabisa: mtu mzima aliyekiri mbele ya watoto kwamba kosa lilikuwa lake. Makofi walikuwa wameyazoea tangu nyumbani. Radhi ya mwalimu lilikuwa jambo jipya.

Waliopita mikononi mwake walifika mbali. Hirao alikwenda Chuo Kikuu cha Doshisha, kilichotwaa ubingwa wa vyuo mara 3 mfululizo, kisha Kobe Steel, iliyotwaa ubingwa wa Japani mara 7 mfululizo. Atsushi Oyagi, mwana Fushimi mwingine, alipita njia hiyo hiyo hadi timu ya taifa. Mwaka 1991, mjini Belfast, Japani ikiongozwa na Hirao ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia, na walioonja uchungu siku hiyo walikuwa ndugu zetu wa Zimbabwe, 52 kwa 8. Takasaki, yule wa pasi ndefu, alirudi Fushimi kuwa kocha. Shule ilitwaa ubingwa wa taifa mara 3 zaidi, katika misimu iliyomalizika Januari 1993, 2001 na 2006. Na Fumiaki Tanaka, mdogo wa umbo kutoka shule hiyo hiyo, alivaa namba 9 siku Japani ilipoiangusha Afrika Kusini 34 kwa 32 mjini Brighton, mwaka 2015.

Wakenya nao waliukaribia uwanja ule wa Osaka kuliko wengi wanavyokumbuka. Agosti 2018, mjini Windhoek, Kenya na Namibia zilipambana kuwania tiketi ya moja kwa moja ya Afrika kwenda Kombe la Dunia la 2019, lililochezwa Japani. Namibia ilishinda 53 kwa 28, na mwaka uliofuata ndiyo iliyocheza na Italia pale Hanazono.

Jiji la Kyoto liliamua kuziunganisha shule zake mbili za ufundi. Shule mpya, Kyoto Kogakuin, ilifunguliwa Aprili 2016, na Fushimi ikabaki na wanafunzi wake wa mwisho mpaka walipohitimu. Oktoba ya mwaka huo huo Hirao alifariki dunia kwa maradhi, akiwa na miaka 53. Kwa miaka kadhaa shule mpya ilishindwa kupita mchujo wa mkoa, na wazee wa Fushimi wakahofia kwamba kazi yote ile imefika mwisho.

Novemba 2024, Kyoto Kogakuin iliishinda Kyoto Seisho katika fainali ya mkoa na kurudi uwanja wa Hanazono, miaka 9 tangu Fushimi ilipocheza huko mara ya mwisho. Wachezaji walivaa jezi nyekundu iliyokoza.