Redio Tambuzi na Haki ya Mwenye Leseni

Redio tambuzi ni chombo cha mawasiliano kinachopima masafa ya mahali kilipo, kikabaini yaliyo wazi kwa wakati huo na kuyatumia mpaka mwenye leseni ya masafa hayo atakaporejea. Dhana hii ilielezwa na Joseph Mitola na Gerald Maguire katika makala ya mwaka 1999. "Tambuzi" ni istilahi nzuri kuliko "yenye akili", kwani kazi ya kwanza ya chombo hiki ni kutambua nani yuko hewani. Tendo lenyewe nalo ni bora liitwe kutumia masafa kwa pamoja, si kugawana masafa. Katika kugawana, kila mtu huondoka na fungu lake, na hilo leseni za kawaida hulifanya tayari.

Mwenye leseni ndiye mtumiaji wa kwanza. Redio tambuzi ni mtumiaji wa pili, asiye na haki ya kulindwa. Mtumiaji wa pili akirusha mawimbi karibu mno, kelele huongezeka kwenye kipokezi cha wa kwanza. Kwa televisheni ya kidijiti picha haififii polepole: hukwama, kisha hukatika, na wa kuumia kwanza ni watazamaji walio pembezoni mwa eneo la matangazo.

Ugumu uko hapa: redio hupima mawimbi pale ilipo, ilhali madhara hutokea kwenye antena ya mwingine. Redio iliyo ndani ya jengo, nyuma ya kuta nene, huenda isisikie kituo chochote, na jirani mwenye antena juu ya paa anatazama taarifa ya habari bila shida. Hifadhidata hukwepa ugumu huo: mwaka 2010 Marekani iliondoa sharti la kupima kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo na kuuliza hifadhidata chaneli zipi za televisheni ni tupu. Nchini Kenya, chaneli tupu za televisheni zilianza kupeleka intaneti vijijini karibu na Nanyuki mwaka 2013.

Hata kanuni nzuri huvunjwa na fundi. Mwaka 2009 rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa San Juan, Puerto Rico, iliingiliwa na vifaa vya intaneti vya masafa ya gigahezi 5, na uchunguzi ulionyesha kuwa vingine vilikuwa vimezimwa uwezo wa kuitambua rada uliotakiwa na kanuni. Kwa masafa ya megahezi 3550 hadi 3700, Marekani haikukiachia kifaa uamuzi wa kuipisha rada: chini ya kanuni za 2015, vihisi vya pwani hutambua rada za jeshi la majini, na mfumo mkuu huwaamuru watumiaji wengine wahame.