Mtakatifu Luka wa Liverpool, Kanisa Lisiloezekwa

Ukiupanda mtaa wa Bold Street mjini Liverpool, kanisa la Mtakatifu Luka unaliona mbele yako, juu kabisa, na mnara wake umesimama wima. Kwa mbali utadhani ni zima. Sogea karibu: madirisha hayana vioo, na mawingu yanaonekana ndani.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1811, miaka 4 tu baada ya Uingereza kuipiga marufuku biashara ya watumwa iliyoutajirisha mji huo. Hata Jonas Bold, aliyeuachia mtaa jina lake, alikuwa mfanyabiashara wa watu. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Waliochora kanisa ni John Foster na mwanawe, aliyeitwa pia John, na ujenzi ukamalizika 1832. Tangu mwanzo lilikusudiwa liwe la ibada na la muziki pia.

Mei 1941 ndege za Ujerumani ziliishambulia Liverpool usiku baada ya usiku, kwa wiki nzima. Watu wapatao 1,700 walikufa. Bomu la moto likaliangukia kanisa, paa likateketea, na saa ya mnarani ikasimama saa 9 na dakika 36 usiku. Asubuhi zilibaki kuta na mnara.

Halikuezekwa tena. Mwaka 1968 lilikwenda mikononi mwa halmashauri ya jiji, likatunzwa kama bustani ya kumbukumbu ya waliokufa vitani. Kisha, kuanzia 2007, wasanii wakaingia na ngoma zao, michezo ya kuigiza na filamu. Leo watu wanafunga ndoa pale waumini walipokuwa wakipiga magoti, na mvua ikinyesha huwanyeshea wote. Nje, kwenye nyasi, upo mnara wa kuwakumbuka Waairishi waliokumbwa na njaa kuu ya karne ya 19, ambao maelfu yao walikimbilia bandari ya Liverpool.

Kwangu, kuliacha wazi ulikuwa uamuzi wa haki. Paa jipya lingelificha jeraha, na kulibomoa kungewazika wafu mara ya pili. Wenyeji wenyewe hawalitaji sana kwa jina la mtakatifu. Wanaliita Kanisa Lililopigwa Bomu.

Wewe unayeota kwenda Liverpool kwa ajili ya mpira, ukishatoka uwanja wa Anfield panda Bold Street, uingie humo ndani, usimame katikati, uangalie juu.