Kupanda ukoka nyumbani: Kazi kubwa iko chini ya nyasi

UKOKA unaouzwa kwa vipande vyenye mizizi na udongo wake ni njia ya haraka ya kuipatia nyumba uwanja wa kijani. Kwa siku moja tu, eneo lililokuwa vumbi huweza kufunikwa lote. Hata hivyo, si ajabu uwanja huo kugeuka manjano kabla ya mwezi kwisha, na fedha za mwenye nyumba zikapotea bure. Mara nyingi lawama hutupiwa jua au muuzaji, ilhali chanzo kiko ardhini.

Nyumba mpya nyingi huzungukwa na ardhi iliyoshindiliwa na malori ya mchanga na kokoto, tena iliyochanganyika na mabaki ya saruji. Mizizi haiwezi kupenya ardhi ya namna hiyo. Aidha, chokaa iliyomo katika saruji huzifanya nyasi zishindwe kufyonza madini ya chuma, nazo hupauka hata zikimwagiliwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuagiza nyasi, kifusi chote hakina budi kuondolewa na ardhi kulimwa kwa kina cha sentimeta 15 hivi. Ndago zing'olewe pamoja na viazi vyake, kwani zikiachwa zitatoboa zulia jipya na kulitawala. Kisha ichanganywe samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Ardhi isawazishwe kwa reki, ikiachiwa mteremko mdogo kutoka ukutani ili maji yasituame na kuwa mazalio ya mbu.

Aina ya nyasi nayo ifuate mahali. Ukoka wa kawaida huvumilia joto na ukame wa pwani kama ya Dar es Salaam na Mombasa, lakini hudhoofu chini ya kivuli cha mwembe. Penye kivuli, nyasi za majani mapana hustahimili zaidi. Nyasi aina ya Kikuyu, zilizopewa jina la eneo la nyanda za juu za Kenya, hustawi zaidi penye baridi kiasi.

Vipande vipandwe siku ileile vinapoletwa, kwani vikirundikwa hupata joto ndani na kuanza kuoza. Udongo uloweshwe kwanza. Mstari wa kwanza uanzie penye ukingo ulionyooka, na inayofuata ipishane viungo kama fundi apangavyo matofali. Vipande vigusane bila kupandana, na nyufa zijazwe mchanga uliochanganywa na samadi. Baadaye vishindiliwe kwa ubao, ili mizizi ishikane na udongo pasiwe na hewa katikati.

Kinachofuata ni maji. Kulowesha eneo la meta 50 za mraba kwa kiasi cha milimeta 10 kunahitaji lita 500, sawa na ndoo 25 za lita 20. Katika siku za mwanzo za jua kali, kazi hiyo hurudiwa kila siku, alfajiri au jioni. Asiye na uhakika wa maji hayo ni heri asubiri mwanzo wa masika mwezi Machi, au vuli mwezi Oktoba. Mwenye fedha kidogo aweza kupanda vikonyo kwa nafasi ya sentimeta 15 na kungoja miezi michache vifunge.

Baada ya wiki mbili hivi, kona ya kipande ivutwe taratibu. Ikigoma kunyanyuka, mizizi imeshika, na maji yaweza kupunguzwa idadi ya siku lakini yaingie chini zaidi. Hadi hapo, watoto na mpira wao hawana budi kungoja nje ya uwanja. Ukataji wa kwanza usizidi theluthi moja ya urefu wa majani.