Kasoro za Lenzi na Marekebisho Yake: Kutoka Jena Hadi Dar es Salaam

Katika elimu ya maumbile hapana chombo kilichomfunulia mwanadamu mambo mengi yaliyofichika kuliko hadubini. Wala hapana chombo kilichohitaji kusahihishwa mara nyingi kama hicho. Sababu imo katika lenzi yenyewe. Kioo kilichochongwa kwa mviringo wa tufe hakikusanyi miale yote mahali pamoja: miale ipitayo ukingoni hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko ile ipitayo katikati. Tena mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi hupindwa kwa kadiri yake. Buluu hukutana mbele, nyekundu nyuma. Matokeo yake ni sura yenye ukungu, iliyozungukwa na rangi zisizokuwamo katika kitu kitazamwacho.

Kasoro ya rangi ndiyo iliyoshindwa kwanza. Mwaka 1733 Mwingereza Chester Moor Hall aliunganisha lenzi mbili za vioo vya aina mbalimbali, ili kosa la moja lifutwe na kosa la nyingine. Na mwaka 1758 John Dollond akapata hati ya haki ya ubunifu huo. Lenzi hizo zilitumika kwanza katika darubini za kutazamia nyota. Kwa hadubini kazi ilikuwa ngumu zaidi, hata mwaka 1830 Joseph Jackson Lister, mfanya biashara ya mvinyo, alipoonyesha jinsi ya kupanga jozi za lenzi hivi kwamba kasoro ya umbo ipungue pamoja na ile ya rangi. Mwaka 1837 Andrew Ross wa London aliongeza pete ya kuzungushwa kwa mkono, ili mtazamaji arekebishe kosa liletwalo na unene wa kigae cha kioo kifunikacho sampuli.

Kilele cha kazi hiyo kilifikiwa Jena, Ujerumani. Ernst Abbe alithibitisha mwaka 1873 kwamba hata lenzi isiyo na kosa lolote ina mpaka wake, kwa kuwa mwanga wenyewe ni wimbi: vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi hilo haviwezi kutenganishwa. Kisha, kwa msaada wa vioo vipya vya Otto Schott na madini ya floriti, Abbe na karakana ya Carl Zeiss walitoa mwaka 1886 lenzi zilizokusanya rangi tatu mahali pamoja.

Matunda ya elimu hiyo yalifika pwani ya Afrika Mashariki upesi. Robert Koch, ambaye mwaka 1882 alikuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu kwa kutumia vyombo vya Zeiss, alifanya kazi Dar es Salaam kati ya mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Na mwaka 1905, katika safari nyingine, alionyesha kwamba vijidudu vya homa ya papasi hupita katika mayai ya papasi hadi kizazi kifuatacho. Gustav Giemsa, ambaye jina lake limebaki katika kila maabara ya malaria, alikuwa mfamasia katika koloni hilohilo tangu mwaka 1895 hadi 1898, kabla ya kutengeneza rangi yake mashuhuri.

Hapa yafaa msomaji atue kidogo. Katika rangi ya Giemsa kiini cha kijidudu cha malaria huwa chekundu, na mwili wake huwa wa buluu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita saba au nane hivi, na kiini hicho ni kidogo kuliko maikromita moja. Basi lenzi ichanganyayo nyekundu na buluu huharibu alama zile zile ambazo mpimaji anazitafuta. Kwa mgonjwa mwenye homa, kosa la kioo laweza kuwa kosa la dawa.

Vizazi vingi vilirekebisha kasoro hizo kwa ustadi wa fundi au kwa kidole cha mtazamaji. Karne ya ishirini ilileta wazo la chombo kijirekebishacho. Mwaka 1953 mnajimu Horace Babcock alipendekeza kioo kibadilikacho umbo ili kuondoa mtikisiko uletwao na hewa katika sura za nyota. Miaka karibu hamsini baadaye wazo hilo liliingia katika hadubini: mwaka 2002 Martin Booth na wenzake wa Oxford walieleza hadubini ipimayo kosa la mwanga na kulirekebisha yenyewe. Haja yake ni wazi. Lenzi hata ikiwa kamilifu, nyama ya mwili ina tabaka nyingi, na kila tabaka huupinda mwanga kwa namna yake. Kadiri mtazamaji aingiavyo ndani, ndivyo sura iharibikavyo. Kioo laini, kinachosukumwa hapa na kuvutwa pale kwa nguvu ya umeme, hupewa umbo lililo kinyume cha kosa lile, na mwanga hunyooka tena.

Vyombo vya namna hiyo ni vya gharama kubwa. Lakini tawi jingine la marekebisho ya moja kwa moja limeota Dar es Salaam kwenyewe. Hadubini iitwayo OpenFlexure, ambayo asili yake ni kazi ya Richard Bowman na wenzake wa Cambridge iliyochapishwa mwaka 2016, imeendelezwa kwa ushirikiano wa wataalamu wa Bath, Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam. Mwili wake huchapwa kwa plastiki, na michoro yake hutolewa bure. Chombo hiki hakibadili umbo la wimbi la mwanga kama kile cha Oxford. Marekebisho yake ni ya namna nyingine. Hujitafutia mahali sura inapokuwa dhahiri, kwa kupima ukubwa wa faili ya picha: picha yenye mambo mengi yaliyo wazi haibanwi sana, kwa hiyo faili huwa kubwa, picha yenye ukungu hubanwa ikawa ndogo.

Liko pia funzo katika kamera yake. Kamera hiyo ndogo huja na masahihisho ya rangi na giza la ukingoni, yaliyopangwa kwa ajili ya lenzi iliyofungwa kiwandani. Lenzi hiyo ikiondolewa na kuwekwa ya hadubini, masahihisho yaleyale hugeuka kuwa kosa, na rangi hupotoka. Ilibidi wataalamu wayafute, waipige picha nafasi tupu yenye mwanga mweupe, na kupanga masahihisho mapya. Laiti mpango wa ndani wa kamera ungalifichwa kabisa, mpimaji asingalijua kwamba wekundu auonao si wa damu.

Jambo hili lawahusu watu wa viunga vya mji. Katika mtaa kama Tegeta, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, chini ya kilima cha Wazo ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa saruji, vumbi ni adui wa kila kioo, na unyevu wa bahari huotesha ukungu juu ya lenzi. Hadubini iliyoharibika, ikiwa siri yake iko ng'ambo, hungoja fundi na kipuri vya kutoka mbali. Ile ambayo vipande vyake vyaweza kuchapwa jijini, na masahihisho yake yaweza kusomwa na kupangwa upya na kijana aliyefundishwa, hurudi kazini mapema.

Koch alikuja na vyombo vya Jena, na elimu ya kuvisahihisha ikabaki Jena. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mwaka 1897 na siku hizi, na haikuletwa na ubora wa kioo. Mashine ijisahihishayo haimwondolei mtu wajibu wa kujua inasahihisha nini na kwa kipimo gani. Na vyuo vinavyofundisha upimaji wa damu vingefanya vema kuufundisha wajibu huo pamoja na rangi ya Giemsa.