Ramani ya Jiji na Riziki ya Mtu

Jiji halikui kwa sababu limechorwa vizuri. Hukua kwa sababu watu wamepata habari kwamba pale pana riziki. Historia ya Dar es Salaam inathibitisha jambo hilo, na leo napenda tuipitie kwa ufupi, kwani ina mafunzo kwa wote wanaokaa mezani kupanga jiji letu la miaka ijayo.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga kando ya bandari hii katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alitaka bandari salama na kituo cha biashara ya bara. Lakini kazi yote ilitegemea mfuko wa mtu mmoja. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulisimama, na majumba mengi yakaachwa yaharibike.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hata hivyo, kilichoupa mji nguvu hasa ni reli. Ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Bandari ikaungana na bara, na kazi zikapatikana. Wenye kuzitafuta wakaja.

Waliokuja hawakukaribishwa kwa usawa. Chini ya ukoloni mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likawa mpaka. Jasho la Mwafrika lilihitajika bandarini, lakini maji, taa na barabara nzuri vilianzia kwa wengine.

Mipango mikuu ya jiji ilitolewa mwaka 1949, 1968 na 1979. Ule wa 1968 ulikuwa na miaka minne tu wakati Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa mwaka 1972, katika sera ya madaraka mikoani. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 843,090 mkoani Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hao hawakungoja ramani. Walijenga kwanza, na mpimaji akaja nyuma yao.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Katika miaka ya 1970 tulichagua vema mara moja. Viwanja vilipimwa Sinza na Kijitonyama, na kule Manzese, badala ya kuwabomolea wananchi, barabara na maji vilipelekwa pale pale walipokuwa wamekwisha jenga.

Lakini tazama Bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Baadhi yao walirudi bondeni. Wapo waliowaita wakaidi. Mimi, katika kazi yangu ya utangazaji, nimezungumza na mama lishe na wachukuzi wa mizigo wa kutosha kujua kwamba mtu anayeishi kwa kipato cha siku hupiga hesabu ya nauli kabla ya hesabu ya mvua. Kiwanja kilikuwapo Mabwepande, lakini riziki ilibaki Kariakoo. Tena, wakati mwananchi akiambiwa bonde ni hatari, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa pale pale Jangwani, na maji yakaifuata.

Sisemi watu waachwe bondeni wafe maji. La hasha. Nasema anayewahamisha awaonyeshe soko, basi la alfajiri na mahali pa kufanyia kazi, kama anavyowaonyesha kiwanja. Uchumi wa jiji hili haubebwi na viwanda na maghorofa peke yake. Unabebwa pia na fundi wa chini ya mwembe, muuza mitumba na mchoma mihogo. Mpango usiowatengea nafasi hauwafuti. Unawasukuma barabarani, kisha unaajiri mgambo wa kuwafukuza.

Basi ramani nyingine itakapoletwa, wananchi wa kila mtaa wapewe nafasi ya kuitazama kabla haijapigwa muhuri. Na swali lao la kwanza liwe hili: hapa tutafanya kazi wapi?